Uzi wa Bluu Kwenye Usukani

Wazo la uzi lilikuwa la Mama Sindano, na kwa miaka kumi na moja hakumruhusu mtu kulisahau.

Alikuwa mshonaji. Kibanda chake cha mabati kilipakana na cha mumewe, fundi wa baiskeli, na katika ukuta wa katikati palikuwa na tundu kubwa kama sahani. Humo mke na mume walipitishiana chai, bisibisi na maneno makali ya mapenzi. Jina la huyo mume watu walishalisahau zamani. Walimwita Kaza, maana ndilo neno alilolisema kutwa. Mtoto akilia, kaza. Mgonjwa akilalamika, kaza. Wapo walioapa kwamba siku ya kuoa, alipoulizwa kama ameridhia, alijibu, "Kaza." Ulikuwa uzushi mtupu, lakini Mama Sindano hakuwahi kuukanusha, kwa sababu kila alipousikia alicheka mpaka akashika mbavu.

Vibanda vyao vilikuwa juu ya kilima, hatua mia hivi kutoka lango la kiwanda cha mikate. Kila asubuhi wachukuzi wa mikate, watu wapatao thelathini, walitoka langoni na kreti zimefungwa kwa mipira kwenye keria, wakashuka mteremko mrefu wa lami mpaka daraja la mawe kule chini, kisha wakatawanyika madukani. Mteremko ule haukuwa na huruma. Juu ulilala kidogo, katikati ukasimama, na chini kabisa, pale mtu anapokuwa na kasi yake yote, ulipinda kushoto ghafla kuingia darajani.

Mchukuzi mmoja aliifikia ile kona raba za breki zimekwisha, chuma kikavu kinasugua rimu. Alivunjika taya. Msimamizi wa kiwanda, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, akaja kwa Kaza akataka kila baiskeli ikaguliwe kila Jumatatu.

"Nitakagua," Kaza alisema, "ila kwa njia yangu."

Njia yake ilikuwa hivi. Hakuamini breki iliyominywa baiskeli ikiwa imesimama. "Hiyo ni kusalimiana," alisema, "bado hamjashikana." Alifunga mifuko miwili ya mchanga kwenye keria, akapanda mwenyewe, akashuka kipande cha kwanza cha mteremko, na baina ya mawe mawili aliyoyapaka chokaa akabana breki. Safari ya kwanza ya mbele peke yake, ya pili ya nyuma peke yake, ya tatu zote mbili. Baiskeli iliyovuka jiwe la pili ilirudi kibandani kupinduliwa matairi juu.

Zilikuwa zile baiskeli nzito nyeusi ambazo breki zake hazina waya. Zinavutwa na fito za chuma kutoka usukanini mpaka kwenye rimu, na kila kiungo cha fito kina nati yake. Pale wengine walipoweka nati moja, Kaza aliweka mbili. Ile ya pili aliiita mlinzi. Nati bila mlinzi, aliwaambia, ni mlango uliorudishwa tu, komeo halijatiwa.

Tatizo likawa kwa bawabu wa kiwanda. Nani kakaguliwa, nani bado? Karatasi zililowa mvua. Alama za chaki zilifutika, na wenye chaki nyumbani walijichorea wenyewe. Kaza na msimamizi walikuwa wanabishana hayo, Mama Sindano akatoa kichwa tunduni.

"Wafungieni uzi kwenye usukani. Wiki hii mwekundu, wiki ijayo bluu. Jumatatu mzee anakata wa zamani, anafunga mpya. Asiye na rangi ya wiki, abaki ndani na mikate yake mpaka iote kuvu."

Msimamizi alicheka. Halafu akaacha kucheka, akachomoa kalamu sikioni.

Basi ikawa hivyo. Nyuzi zilitoka kwenye marola ya Mama Sindano, zile nene za kushonea turubai, na katika miaka kumi na moja hakuna mchukuzi aliyeanguka kwa ajili ya breki. Mmoja aligongana na mbwa, mmoja alisinzia. Hao Mama Sindano hakuwahesabu. "Usingizi hauna nati," alisema.

Lakini kitu kilianza kuharibika polepole. Wachukuzi walianza kuugusa ule uzi. Kabla ya kushuka, pale juu, mtu aliupapasa kwa kidole gumba kama anayehakikisha ufunguo umo mfukoni. Kaza alipoona, aliwaka.

"Uzi haushiki rimu, nyie! Kinachowasimamisha ni raba hii, na fito hii, na nati hii!"

"Ndiyo, Mzee," walijibu. Wakagusa uzi, wakashuka.

Aliyeugusa kwa mbwembwe kuliko wote alikuwa mdogo wake Kaza, wa tumbo moja, aliyeitwa Upepo. Umri wake ulikuwa umepita arobaini, na bado hakutembea pale alipoweza kukimbia. Kwa Mama Sindano alikuwa shemeji, na hapakuwa na asubuhi aliyopita bila kusimama kibandani kumchokoza.

"Shemeji, leo umeshona suruali ngapi zenye mguu mmoja?"

"Moja tu, ya kwako. Kwa mwendo wako huo, mguu wa pili hutauhitaji muda mrefu."

"Nyie! Kaka, umemsikia mkeo?"

"Nimemsikia," Kaza alijibu kutoka upande wa pili. "Kaza."

Upepo naye alicheka, kisha akainama tunduni akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Fundi wa kweli hapa ni wewe, shemeji. Kaka ni spana tu. Wewe ndiye mkono."

Maneno hayo yalimwingia Mama Sindano kuliko alivyoonyesha. Alikuwa amekaa kando ya ile kazi miaka na miaka. Alijua kutofautisha raba nzima na raba iliyokauka kwa mlio wake tu. Na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza chochote isipokuwa, "Mama, mzee yupo?"

Wachukuzi walikuwa na tabia moja ambayo Kaza aliijua na hakuweza kuikomesha. Breki ya mbele ikikazwa sawasawa hugusa rimu kidogo, na mtu anayepanda kilima kurudi na kreti tupu huona kama ameshikwa shati. Kwa hiyo kule chini walimng'oa mlinzi wakamtupa, wakailegeza nati iliyobaki kwa vidole, wakapanda kwa raha. Wakifika juu waliikaza tena kwa vidole vilevile, siku walizokumbuka. Ndiyo maana Kaza alizitaka Jumatatu zote. "Wiki moja ndiyo urefu wa akili zenu," aliwaambia, akiwatilia mlinzi mpya.

Jumatatu ile ilikuwa ya bluu. Kaza alikuwa kitandani, siku ya tatu ya homa, anatetemeka chini ya mablanketi mawili na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Mama Sindano alimpa dawa, akamfunika, akaenda kibandani ili awaambie wachukuzi wasubiri. Alimkuta Upepo keshafika, peke yake, baiskeli ameiegemeza ukutani.

"Kaka vipi?"

"Hajitambui. Leo hakuna ukaguzi. Rudi ukalale."

"Shemeji, mimi leo nina mikate ya hospitali. Wale wagonjwa wanywe chai na nini, na dripu?"

"Wataisubiri."

"Breki zangu kazitengeneza mwenyewe Jumatatu iliyopita. Zinakamata mpaka zinaniudhi. Tazama." Akaminya. Fito ikavutika, raba zikapiga rimu, ta! "Umesikia?"

"Hiyo ni kusalimiana," Mama Sindano alisema.

Upepo alicheka mpaka baiskeli ikataka kuanguka. "Umekuwa Kaza mtupu! Basi na wewe si fundi? Wazo lako, uzi wako, mkasi huo hapo. Au mpaka mzee aamke ndipo mkono wako upate ruhusa?"

Hapo ndipo alipompata.

Mama Sindano alitoka na mkasi. Akakata uzi mwekundu, akafunga wa bluu. Mumewe alizoea kuzungusha mara mbili na kuvuta, likatoka fundo kubwa kama punje ya mahindi. Yeye alifunga fundo la mshonaji, dogo, lililolala, lisilofunguka mpaka likatwe. Alipomaliza alirudi nyuma nusu hatua, akalitazama, akaliona zuri kuliko yote aliyowahi kufunga mumewe.

"Ehe!" Upepo alisema. Akaugusa uzi kwa kidole gumba, akapanda.

Baadaye Mama Sindano alikumbuka jambo moja, na alilikumbuka kila siku ya Mungu: Upepo aliminya kwa mkono mmoja tu. Wa kushoto, wa breki ya nyuma. Ule wa kulia alikuwa ameuweka kiunoni.

Wachukuzi wengine walipofika, Mama Sindano aliwarudisha wote. Walinung'unika, wakaketi kando ya barabara. Wakamwona Upepo anatoka langoni na kreti tano, anawapungia.

"Atamieni hapo, mayai yaanguliwe!" aliwaambia, akashuka.

Hata vicheko havijaisha, mtu akaja mbio kutoka chini, viatu mkononi.

Upepo hakuikata ile kona. Aligonga ukuta wa daraja, na mikate ikatawanyika mpaka mtoni. Alifariki kabla ya adhuhuri. Alizikwa kaka yake akiwa bado anaweweseka, na ilipofika siku Kaza alipoweza kuketi, Mama Sindano ndiye aliyemwambia. Alimwambia mdogo wako amekufa. Mengine hakusema.

Siku mbili baadaye msimamizi alileta ile baiskeli kwenye mkokoteni. Kaza alitoka nje amejifunga blanketi, akachuchumaa, akaanza kupapasa. Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja kama chapati. Alifuata fito kwa kidole kutoka usukanini, kiungo kwa kiungo, mpaka akafika chini.

"Hapa hapana nati," alisema. "Wala mlinzi."

"Lakini uzi upo," msimamizi alisema. "Wa bluu. Bawabu aliuona, na huu hapa. Mzee, sikuja kukulaumu. Wakubwa wananiuliza nami sina jibu. Uliufunga wewe?"

Mama Sindano alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya moto. Kaza aliutazama ule uzi.

"Sikumbuki," alisema. "Lakini nani mwingine angeufunga?"

Lilikuwa swali la wazi, na mwenye jibu alikuwa hatua tatu kutoka pale. Mama Sindano alifungua kinywa. Aliona kalamu sikioni mwa msimamizi, akaona majirani wamesimama ng'ambo ya barabara, akaona kwamba neno lile likitoka halitarudi. Huyu bado mgonjwa, alijiambia. Nitamwambia akipata nguvu. Akafunga kinywa.

"Basi ni wangu," Kaza alisema. "Andika ni wangu."

Walipokuwa wanaigeuza baiskeli kwenye mkokoteni, Mama Sindano alisogea na mkasi wake. Akaukata ule uzi pembeni ya fundo, akautia katika kopo la vifungo.

Nguvu zilirudi nusu nusu, na yeye akaendelea kungoja zirudi zote. Wakati huo maneno ya watu hayakungoja. Walisema Kaza aliwakatalia wachukuzi wote lakini akaamka na homa yake kumfanyia ndugu yake peke yake, mkono unatetemeka, akasahau nati. Kisha akapatikana mtu aliyemwona. Alimwona na blanketi, na spana, alfajiri. Hata kikohozi chake alikisikia.

Mjane wa Upepo alikuja mara moja tu. Alisimama mbele ya kibanda, akamwonyesha Kaza ncha ya kidole chake kidogo.

"Nati, shemeji. Kitu cha kiasi hiki."

Yule mjane akageuka, akamkumbatia Mama Sindano kwa nguvu. "Pole, dada. Na wewe umefungwa na mtu wa namna hii."

Mama Sindano alikumbatiwa, mikono yake ikining'inia.

Kaza aliacha ukaguzi. Alimwaga mchanga wa mifuko yake kwenye dimbwi mbele ya kibanda, na dimbwi likawa tope. Wateja wachache waliojaribu kurudi aliwaambia mkono hauna imani tena. Kiwanda hakikutafuta fundi mwingine, kwa sababu bawabu alipewa rola lake la uzi mwekundu na rola lake la bluu, na kila Jumatatu anawafungia wachukuzi palepale langoni, mmoja baada ya mwingine, bila kushuka kwenye kiti. Wanapita upesi zaidi sasa. Kila mtu anasema utaratibu umekuwa mzuri.

Mchana mmoja, wakila, Kaza aliweka kijiko chini.

"Nakumbuka baridi ya spana," alisema.

"Spana gani?"

"Ya siku ile. Niliishika nati, nikataka kuikaza, nikapata kizunguzungu. Nikasema nitaimalizia."

"Mzee, ulikuwa kitandani."

"Ulijuaje? Wewe ulikuwa kibandani."

Tangu hapo ikawa kila siku anakumbuka kidogo zaidi. Akakumbuka jinsi Upepo alivyosimama. Akakumbuka alichomwambia. Na mikono yake, iliyokosa kazi, ikaanza kukaza vitu vya nyumbani. Alikaza bawaba za mlango mpaka mlango ukagoma kufunguka. Alikaza kitanda, akakaza vipini vya sufuria, akakaza skrubu za dirisha. Wao walikuwa wawili tu mle ndani; watoto wao walishaoa na kuolewa mbali, na salamu zilikuja mara chache. Hapakuwa na mtu wa kumwambia acha isipokuwa Mama Sindano, na Mama Sindano hakuwa na uso wa kumwambia.

Mwaka ulipotimia, aliingia kibandani kwake akamkuta mumewe ameinama juu ya cherehani na bisibisi ndogo.

"Ilikuwa inacheza," Kaza alisema. "Skrubu ya sindano. Sasa imekaza."

Mama Sindano alizungusha gurudumu. Sindano ikadondoka juu ya kitambaa. Skrubu ilikuwa imeliwa meno yote, na tundu lake limepanuka, na cherehani ile ilikuwa ya zamani mno, vipuri vyake havipo tena. Aliiokota sindano. Akaenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo.

"Mzee, kaa unisikilize. Uzi wa siku ile niliufunga mimi."

Kaza alimtazama kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko kama angemfokea.

"Wewe ni mke mwema," alisema.

"Sio wema! Upepo alikuja kabla ya wenzake. Wewe hujitambui. Aliniomba nikakataa, akanisifu nikafunga. Sikuikagua. Breki ya mbele hakuigusa, nami nilimwona hakuigusa. Uzi wenyewe huu hapa. Shika. Tazama fundo. Lini katika maisha yako umefunga fundo la namna hii?"

Kaza aliupokea. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo alilizungusha lile fundo baina ya vidole, vidole vyenye sugu za spana za miaka hamsini.

"Dogo," alisema.

"Ndiyo! Dogo. Yako ni makubwa, kila mtu anajua, wewe mwenyewe unajua."

"Mkono ulikuwa unatetemeka. Ndiyo maana likawa dogo."

"Mzee!"

"Basi, mama, basi." Akamrudishia uzi, akamkunja vidole juu yake. "Ulikuwepo msimamizi aliponiuliza. Ulikuwepo mke wa marehemu alipokuja. Mwaka mzima umeniona hivi nilivyo. Ingekuwa ni wewe, ungeniacha hivi mwaka mzima?"

Mama Sindano alimsogezea tena ule uzi.

"Unataka kunipunguzia mzigo," Kaza alisema. "Nashukuru. Lakini mdogo wangu nimemuua mimi, na nakumbuka."

Mama Sindano alikwenda kwa mjane, akamweleza vilevile. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akampigapiga begani. Alimwambia nenda nyumbani, dada, mapenzi yako kwa mumeo yanajulikana. Alikwenda kwa msimamizi. Msimamizi alisema karatasi zilishafungwa.

Cherehani imefunikwa shuka sasa. Mama Sindano bado hufungua kibanda asubuhi, maana hajui pa kwenda saa hizo, na Kaza huketi upande wake wa ukuta na bisibisi mkononi. Mawe mawili yapo, chokaa imeyatoka, na baiskeli zinapita baina yake bila hata moja kupunguza mwendo. Mama Sindano husikiliza. Raba ile imekauka. Fito ile inagonga, haina mlinzi. Mwanzoni alitoka nje kuwapigia kelele, "Wewe, breki yako ya mbele!" Walimwonyesha uzi, wakacheka, wakaugusa kwa kidole gumba. Siku hizi anakaa.

"Leo rangi gani?" Kaza huuliza tunduni, kila Jumatatu.

"Bluu, Mzee."

"Wamekaguliwa?"

Chini kule kona inangoja na daraja lake. Mchukuzi wa mwisho anatoka langoni na kreti tano, anaminya breki kwa mkono mmoja, ta.

"Wamekaguliwa," Mama Sindano humjibu. "Wote."

"Vizuri," Kaza husema, na kurudi kukaza ukuta wa mabati.